Damu na Akiba Yake



Mtu mzima ana damu yapata lita 5. Zaidi ya nusu yake ni majimaji ya manjano yachukuayo chakula na taka za mwili. Humo mna chembe nyekundu zenye chuma, zichukuazo oksijeni kutoka mapafuni. Huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa huleta mpya. Chembe nyeupe hupigana na maradhi, na vijichembe vidogo zaidi huziba jeraha.

Sisi wa Wasini yatupasa kuyajua haya. Mzazi atokwaye na damu nyingi hana budi kuvushwa kwa mashua hadi Shimoni, ndipo apelekwe Msambweni kwa gari. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa binadamu mwenziwe, na yafaa aikute tayari.

Atoaye hutoa mililita 450 hivi, na mwili wake huirudisha kwa majuma machache. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini chembe nyekundu zilizowekwa baridini hazipiti siku 42. Kwa hiyo, wazee, twawaomba neno lenu, na vijana mkono wao, si mara moja tu, bali kila wakati wake ufikapo.