Utamu Kidogo Baada ya Wajibu
Hotuba kwa waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Izia



Tumeombwa tuseme machache juu ya nidhamu. Neno hili huwatisha vijana, kwa kuwa mara nyingi huandamana na karipio. Sisi tungependa kuutazama upande wake wa pili: nidhamu hudumu pale inapopewa kifuta jasho, hata kiwe kidogo.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakukilaani kivuli, walipanga tu kwamba jua litangulie. Wakulima wa Ufipa wanaijua siri hii tangu kale. Kuinua matuta ya majani yaliyofukiwa ni kazi nzito, nayo ilifanywa kwa kualikana. Mwenye shamba akawaandalia walioitika chakula na kinywaji cha ulezi. Jembe lilitangulia, kibuyu kikafuata.

Dini zetu nazo zimepanga vivyo hivyo. Sisi Wahindu tuna Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, ambapo wafungaji huacha nafaka na kunde. Kesho yake asubuhi hufungua. Majirani zetu Waislamu hungoja magharibi wapate tende na maji. Wakatoliki huhesabu siku 40 za Kwaresima bila kuzitia Jumapili, kisha huja Pasaka. Katika mifungo hii yote kujinyima kuna mwisho wake, na mwishoni pana furaha. Bhagavad Gita nayo, katika sura ya 6, hufundisha kwamba yoga haimfai alaye kupita kiasi, wala asiyekula kabisa.

Sisi wafanyabiashara tuna Diwali. Madaftari mapya huwekwa mbele ya Lakshmi na kuombewa, huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida, kisha peda na barfi hugawiwa kwa wafanyakazi na wateja. Mtoto anayekulia dukani hujifunza kwamba utamu ule ni mwenzi wa hesabu iliyofungwa sawasawa. Lakini mwaka ni mrefu. Ndiyo maana hesabu ya kila jioni nayo ina chai yake ya tangawizi: daftari likikubaliana na fedha iliyomo sandukuni, ndipo kikombe humiminwa. Katika baridi yetu ya Juni na Julai, hayo si malipo haba.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, akiwamo Katherine Milkman, walichapisha jaribio lao. Watu walipewa vitabu vya kusikiliza, vyenye visa vya kusisimua, kwa sharti kwamba wavisikilize katika ukumbi wa mazoezi tu. Mwanzoni walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao. Baadaye, likizo ilipokatiza utaratibu, faida hiyo ilififia. Tunajifunza kwamba utamu uliofungamanishwa na wajibu humvuta mtu, na kwamba fundo likilegea sharti lifungwe upya.

Ipo hatari ambayo hatuwezi kuinyamazia hata siku ya sherehe. Watu wenye asili ya Bara Hindi hupatwa na kisukari kwa wingi, tena mara nyingi katika umri mdogo kuliko Wazungu. Meza ya Ekadashi iliyojaa viazi vya kukaanga, karanga na halua huweza kukishinda chakula cha siku ya kawaida. Hapo tuzo imeumeza wajibu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Tuzo iwe ndogo. Ije baada ya kazi, isiitangulie. Tena si lazima iwe sukari: matembezi ya jioni, bhajan kwa nusu saa, au simu kwa ndugu aliye mbali hutosha kumfurahisha mtu aliyetimiza wajibu wake.

Leo, baada ya ibada, kila mmoja wetu atapokea prasad, Mhindu na asiye Mhindu. Hutolewa kiganjani, na kiganja ni kipimo cha kutosha. Tuipokee kwa furaha, kesho turudi kazini.

Tunawatakia nyote heri na afya njema. Om Shanti.