Kadi ya Salamu Itengenezwayo kwa Mikono



Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Mkulima wa pamba wa Bariadi, Itilima au Maswa anao ndugu walio mbali: mtoto yuko shule ya bweni, kaka yuko Mwanza. Salamu za simu hupita. Kadi huhifadhiwa sandukuni, ikasomwa tena.

Gharama yake ni ndogo. Karatasi ngumu hukunjwa katikati. Juu yake hubandikwa kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani, au pamba kidogo iliyotolewa mbegu, kwa gundi ya unga wa muhogo uliopikwa. Ndani huandikwa maneno yamhusuyo mpokeaji peke yake: jina lake, jema alilotenda, na neno "wabeja". Maneno yanayomfaa kila mtu hayamgusi yeyote.

Lakini karatasi za chama si za kadi. Stakabadhi na leja za zamani, hata zikionekana takataka, ndizo ushahidi wa mkulima siku ya hesabu. COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika lililoundwa mwaka 1982, hukagua maandishi, si kumbukumbu za kichwani. Ukurasa mmoja ukichanwa, malipo ya mwanachama yaweza kukosa ushahidi.

Kikundi kitakachouza kadi kijumlishe kwanza karatasi, gundi na saa za kazi, ndipo kipange bei.

Salamu njema haitengenezwi kwa mali ya wenzako.

Ushirika ni nguvu.