Cheti Chako Kiko Wapi? Jinsi ya Kutafuta Kumbukumbu za Kuzaliwa, za Vifo na za Mahakama

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa wakazi wa Umoja. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo nimekuja kuzungumza juu ya karatasi. Najua si jambo la kusisimua. Lakini kila mmoja hapa anajua familia iliyogombana, au iliyofukuzwa nyumbani kwake, kwa sababu karatasi moja haikupatikana kwa wakati. Nyumba nyingi za hapa zilijengwa miaka ya 1970 kwa mpango wa Baraza la Jiji la wakati ule, watu wakilipa polepole mpaka nyumba iwe yao. Wengi waliozilipia wameaga dunia au wamezeeka, na nyumba bado zina majina yao. Leo kwenye ploti hizo kuna maghorofa na wapangaji, na kodi inayoingia kila mwezi. Asiye na cheti cha kuzaliwa atathibitishaje kuwa ni mtoto wa marehemu? Asiye na cheti cha kifo atafunguaje mirathi?

Jambo ninalotaka mwondoke nalo ni hili: kumbukumbu hukaa na ofisi iliyoiandika, pale tukio lilipotokea. Haikufuati unapohama. Kwa hiyo, kabla hujapanda matatu kwenda mjini, jiulize maswali matatu. Tukio lilitokea wapi? Lilitokea mwaka gani? Nani aliliandika? Ukiyajibu hayo, safari yako inakuwa fupi.

Nianze na jambo linalowachanganya wengi. Kaunti haitoi vyeti vya kuzaliwa wala vya vifo. Hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa, kupitia Huduma za Usajili wa Raia, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149. Chifu na naibu wake pia ni maafisa wa serikali ya kitaifa. Mahakama nazo zinajitegemea. Ukija City Hall kutafuta cheti cha mtoto, tutakupokea vizuri, lakini tutakuelekeza kwingine, na siku yako itakuwa imepotea.

Hata hivyo, karatasi ya kwanza mara nyingi huanzia kwetu. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki hapa jirani na hospitali ya uzazi ya Pumwani ziko chini ya kaunti. Mtoto akizaliwa huko, wahudumu huandika arifa ya kuzaliwa, na mama hupewa kipande chake. Akina mama, kabla hamjatoka wadi, isomeni karatasi hiyo herufi kwa herufi. Jina la mama liko kama lilivyo kwenye kitambulisho? Tarehe ni sahihi? Kosa linalosahihishwa pale pale kitandani ni kazi ya dakika chache. Kosa hilo hilo likigunduliwa mtoto anaposajiliwa kufanya mtihani, litakuzungusha miezi.

Aliyezaliwa nyumbani huandikwa na naibu wa chifu wa eneo hilo. Sheria inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya miezi 6. Ukipitisha hapo, unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, ambao unahitaji idhini na ushahidi zaidi, kama kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, barua ya shule na vitambulisho vya wazazi. Bado inawezekana, kwa hiyo usikate tamaa.

Ukiwa na kile kipande cha arifa, unaweza kuomba cheti kwenye eCitizen kwa simu yako au saiba, au ukaenda Huduma Centre ya Makadara, ambayo ndiyo iliyo karibu nasi. Malipo ya serikali hupitia paybill 222222. Mtu akikuambia umtumie pesa kwa namba yake ya simu ndipo jalada lako "lipate miguu", hiyo si ada ya serikali. Huyo ni broka.

Kuna akina mama ambao bado wanaambiwa kwamba kwa kuwa hawakuolewa, jina la baba haliwezi kuandikwa kwenye cheti cha mtoto. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 12 cha sheria hiyo, kilichowazuia, kinakwenda kinyume na Katiba. Mtoto ana haki ya kujulikana baba yake. Ukikataliwa, itaje hukumu hiyo.

Kwa wazee wetu niseme hivi. Usajili wa lazima kwa Waafrika ulienezwa hatua kwa hatua, na ulifika nchi nzima mwaka 1971. Kwa hiyo, mzee aliyezaliwa kijijini miaka ya 1940 au 1950 asishangae asipopata jina lake kwenye daftari. Huenda halikuwahi kuandikwa. Yeye aanze na kitambulisho chake, kumbukumbu za kanisa au msikiti, na ofisi ya chifu wa kwao.

Sasa tuje kwenye kifo. Mtu akifia hospitalini, hospitali huandika arifa ya kifo. Akifia nyumbani, jambo hilo hupelekwa kwa naibu wa chifu. Ndipo hutolewa kibali cha mazishi. Wengi wetu, tukishazika, tunafikiri kazi imeisha. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kibali kinakuruhusu kuzika tu. Benki, mfuko wa pensheni na mahakama watakuomba cheti. Kiombeni mapema, wakati karatasi zote bado ziko mkononi, na hakikisheni jina linalingana na kitambulisho cha marehemu. Kama marehemu alizikwa Lang'ata, kumbukumbu za makaburi hayo ziko kwa kaunti, na hapo tunaweza kukusaidia moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa majalada ya nyumba za mpango wa zamani wa Baraza la Jiji na rekodi za kodi ya ardhi, ile tunayoiita reti. Hayo tuliyarithi mwaka 2013, kaunti zilipoanza.

Cheti cha ndoa kina ofisi yake pia. Huombwa kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, na maombi huanzia eCitizen. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa za kimila nazo zinatakiwa kusajiliwa. Dada yangu, ikiwa mlitoa mahari mkaishia hapo, mkasajili. Siku ya msiba ndiyo siku mbaya kabisa ya kuanza kuthibitisha kwamba ulikuwa mke.

Sasa mahakama, na hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo nyumba zinapopotea.

Mtu akifa bila wosia, familia huenda mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Kwa Waislamu, mirathi inaweza kwenda kwa Kadhi. Mahakama inapopokea ombi chini ya Sheria ya Mirathi, tangazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida, usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6, na mali ikagawanywa.

Tuseme baba amefariki na kuacha nyumba hapa Umoja. Mjane yuko nyumbani na watoto. Shemeji anakwenda mahakamani kimya kimya, anajiandika yeye ndiye mrithi, wala hamtaji mjane. Tangazo linatoka, siku 30 zinapita, na hakuna aliyelisoma. Siku moja mjane anabishiwa hodi na mtu mwenye barua anayesema amenunua nyumba.

Tangazo lile halikufichwa. Gazeti Rasmi hutoka kila wiki, siku ya Ijumaa, na linasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ukifiwa na mtu mwenye mali, mpe kijana mmoja wa familia kazi hiyo: kila Ijumaa atafute jina la marehemu, akijaribu kuliandika kwa kila namna. Mkilikuta kabla siku 30 hazijaisha, nendeni kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa mkaandikishe pingamizi. Mkichelewa, bado kuna mlango. Kifungu cha 76 kinaruhusu mahakama kufuta usimamizi uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu, na kumficha mjane au mtoto ni jambo muhimu.

Kuona jalada la kesi unahitaji namba ya kesi, mwaka, majina ya wahusika na mahakama yenyewe. Kesi nyingi za jinai za upande huu wetu ziko Makadara. Mahakama Kuu iko Milimani. Jijini Nairobi kesi zinafunguliwa kwa mtandao tangu Julai 2020. Za kabla ya hapo zilianza kama makaratasi, kwa hiyo uende na subira. Utalipa ada ya kupekua, na ukitaka nakala iombe iliyothibitishwa kwa muhuri, maana fotokopi tupu haina nguvu. Hukumu nyingi ziko bure kwenye Kenya Law.

Si kila jalada liko wazi. Kesi za watoto na za dhuluma za kingono hulindwa. Hata katika ile hukumu ya 2016 niliyoitaja, mama aliyeshtaki anatajwa kwa herufi za kwanza tu. Tuiheshimu siri hiyo, maana kesho inaweza kuwa ya mtoto wako.

Mwisho, ukiombwa "uje kesho" mara tatu, ufanye nini? Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Andika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika asaidiwe na afisa wa ofisi hiyo, kwani ndivyo sheria inavyosema. Kutuma ombi ni bure. Utalipia nakala tu. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, na ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Kama taarifa iko ofisi nyingine, wanatakiwa kulihamisha ombi lako ndani ya siku 5. Wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Sheria hii inatuhusu hata sisi wa kaunti. Tuandikieni, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Mkifika nyumbani jioni, fungueni ile bahasha iliyo chini ya godoro au juu ya kabati. Hesabuni: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, cheti cha ndoa, vyeti vya vifo vya waliotangulia, karatasi za nyumba, risiti za reti. Linganisheni majina. Kinachokosekana, andikeni ni ofisi gani inacho, na nani wa familia atakifuata, na lini.

Nitabaki hapa kwa maswali. Wenye karatasi, njooni nazo mbele tuzisome pamoja.