Mapigo ya umeme, metali nyepesi

Bihambwe, huko Masisi mashariki mwa Kongo, ni jirani wa Rubaya, ambako koltani huchimbwa kwa sululu na beleshi. Humo hutoka tantali ya kapasita, vile vidude vinavyotunza umeme ndani ya simu.

Lakini madini si mwisho wa safari. Ufundi wa kuyageuza ndio wenye thamani. Tuchukue mfano wa metali nyingine, magnesi, nyepesi kuliko alumini kwa takriban theluthi moja. Chembe zake zikiganda kubwa, metali huwa dhaifu. Mafundi hupitisha mapigo ya umeme katika uji wake unapopoa. Chembe huzaliwa nyingi, ndogo, nayo huimarika.

Faida: gari lenye vipuri vya metali hii huwa jepesi, nalo hunywa mafuta kidogo. Kwa upande mwingine, mitambo ya mapigo hayo ni ghali.

Je, kijana wa Masisi anayebeba magunia ya koltani atafundishwa wapi ufundi huu?