Jina la Kampuni Juu ya Paa, Saini Yako Mezani: Tahadhari kwa Anayenunua Gari Lililotumika kwa Wakala Rasmi

Mada kwa semina ya familia zinazozungumza Kiswahili, Minneapolis, Minnesota



Wengi wetu tulionywa mapema kuhusu zile yadi ndogo za kando ya barabara, zenye vibendera vya plastiki na mkopo unaolipwa palepale dirishani. Onyo lilitufikia, na tukazikimbia. Tukaenda kwa wakala mkubwa mwenye jina la Toyota, Honda au Chevrolet juu ya paa, tukapewa kahawa, tukakaa kwenye viti vya ngozi, na tahadhari tukaiacha mlangoni pamoja na theluji ya viatu. Mtu ambaye Kariakoo au Gikomba angebishana nusu saa kwa ajili ya shati, hapa anatia saini mkopo wa miaka sita bila kuuliza swali.

Sisemi wakala rasmi ni tapeli. Ningekuwa nanunua kesho, huenda ningeanzia huko huko, kwa sababu ndiko yanakorudi magari mengi yenye umri mdogo na maili chache. Ninachosema ni kwamba jina lililo juu ya paa, peke yake, halikupi haki hata moja kwa gari lililotumika. Haki zako ziko kwenye karatasi tatu au nne, na leo nataka tuzitazame hizo.

Nani hasa anakuuzia?

Wakala rasmi ni mfanyabiashara binafsi aliyefunga mkataba na kiwanda ili auze magari yake mapya na kuyafanyia huduma. Kwa gari jipya mkataba huo unakusaidia, maana waranti inatoka kiwandani. Kwa gari lililotumika uhusiano unalegea sana. Gari ni mali ya wakala. Pengine alilipokea kwa mteja aliyekuja kubadilisha, pengine limerudi baada ya kukodishwa miaka mitatu, pengine amelinunua wiki iliyopita kwenye minada ya jumla kama ya Manheim, ambako wauzaji hununuliana wao kwa wao. Ndiyo maana unaikuta Nissan imeegeshwa kwenye uwanja wa Toyota. Gari hilo linaweza kuwa zuri kabisa, lakini Toyota hawana habari nalo.

Basi swali la kwanza ni: limetoka wapi? Utaonyeshwa ripoti ya historia ya gari, ya Carfax au AutoCheck. Ichukue, uisome, lakini kumbuka kwamba ripoti inajua tu yale yaliyoripotiwa. Bampa lililogongwa na kunyooshwa kwa pesa taslimu gerejini halimo. Magari yaliyozama kwenye mafuriko, kama yale ya kimbunga Katrina mwaka 2005 na Harvey mwaka 2017, huweza kusajiliwa upya katika jimbo jingine na kutoka huko na hati safi isiyotaja maji.

Kwa hiyo tumia mikono. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, sehemu ile ambayo siku zote hukaa imejikunja ndani. Ukikuta mstari wa matope, ukungu au harufu ya kuvunda, umepata jibu ambalo ripoti haikukupa. Inua zulia la buti, tazama chini ya tairi la akiba. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Ukiona chembe za rangi juu ya mpira, ujue gari limepigwa rangi upya na uulize kwa nini. Na kwa kuwa tunaishi Minnesota, ambako chumvi humwagwa barabarani kipindi chote cha baridi, usinunue gari ambalo hujaliona chini ya tumbo lake. Kutu kwenye mabomba ya breki haionekani ukiwa umesimama shoorumu.

Bora zaidi, lipeleke kwa fundi wako mwenyewe kabla ya kusaini. Wakala akikataa gari lisitoke hata kwa saa moja, mshukuru kwa kahawa na uondoke.

"Certified" ya nani?

Bango la "Certified", yaani gari lililothibitishwa, mtaliona kila mahali. Uthibitisho uko wa aina mbili, na bei ya kuutofautisha ni swali moja tu: dhamana hii inatoka kiwandani, au imeandikwa na wewe wakala? Ule wa kiwanda una masharti yanayojulikana nchi nzima, na wakala mwingine wa chapa hiyo hiyo atauheshimu na kulitengeneza gari. Ule wa wakala ni ahadi ya duka moja, na mara nyingine ni rangi ya bango tu.

Hata ule wa kiwanda una tarehe zake. Toyota iliyothibitishwa na kiwanda hupewa waranti ya injini na giaboksi ya miaka 7 au maili 100,000, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu gari lilipotumika kwa mara ya kwanza likiwa jipya. Ukinunua lenye miaka mitano, umebakiwa na miwili. Hyundai nao wanatangaza miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, ila hiyo ni ya mwenye gari wa kwanza. Mnunuzi wa pili hushushwa hadi miaka 5 au maili 60,000, isipokuwa gari liwe limepitia uthibitisho wa kiwanda. Muuzaji anayesema "Hyundai ina miaka kumi" hajadanganya, lakini hakuwa anazungumzia gari lako.

Gari lililoitwa na kiwanda

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanaposhangaa zaidi. Kiwanda kikigundua kasoro ya hatari hutoa wito: rudisheni magari yatengenezwe bure. Sheria ya Marekani inamkataza wakala kukukabidhi gari jipya lenye wito ambao haujatekelezwa. Baada ya dada wawili kufa California mwaka 2004 ndani ya gari la kukodi lenye wito wa namna hiyo, Bunge la nchi hii lilipitisha sheria, ikaanza kazi Juni 2016, kwamba kampuni zenye magari ya kukodisha zaidi ya 35 haziruhusiwi kuyatoa yenye wito wazi hadi yatengenezwe. Gari lililotumika halimo kwenye sheria hizo za shirikisho. Wakala anaweza kuliuza likiwa na wito wazi.

Na si yadi za vichochoroni tu. Januari 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitangaza makubaliano na General Motors yenyewe pamoja na mawakala wawili wakubwa, Jim Koons na Lithia. Hoja ya Tume ilikuwa kwamba magari yalinadiwa kuwa yamekaguliwa kwa kina, GM wakitaja ukaguzi wa vipengele 172, ilhali baadhi yake yalikuwa na wito wazi. Mwishoni mwa mwaka huo zikafuata CarMax, Asbury na West-Herr. Makubaliano hayo hayakuwakataza kuuza magari ya namna hiyo. Yaliwataka tu wasiyasifie usalama na ukaguzi wake bila kusema wazi kwamba huenda yana wito. Mimi naona ni sheria dhaifu, lakini ndiyo iliyopo.

Mtu atauliza: wakala ana gereji nyuma ya uwanja, matengenezo ni bure kwa mteja na kiwanda kinamlipa, kwa nini asitengeneze? Jibu liko kwenye ile Nissan iliyoko uwanja wa Toyota. Gereji ya Toyota haifanyi kazi ya wito wa Nissan. Gari lazima lipelekwe kwa mwenzake, lisubiri zamu, na kila siku ya kusubiri ni siku ambayo haliuzwi. Wakati mwingine vipuri vyenyewe havipo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mifuko ya hewa ya Takata, wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari ya nchi hii, wenye vijazio vya hewa kama milioni 67. Baruti yake ilikuwa ya amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, hata siku ya ajali kijazio kinapasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Gari linaloletwa Minnesota kutoka Florida limeishi katika joto hilo hilo.

Dawa yake haigharimu senti. Chukua namba ya chesisi, tarakimu na herufi 17, utaziona chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ziingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ukiwa hapo hapo uwanjani. Kama wito upo, utengenezwe kwanza, ndipo usaini.

Karatasi ya dirishani

Kila gari lililotumika linalouzwa na muuzaji wa biashara lazima libandikwe karatasi iitwayo Buyers Guide. Majimbo ya Maine na Wisconsin yana kanuni zao badala yake. Jirani zetu wa Wisconsin, ng'ambo ya mto, wakumbuke hilo. Tafuta kisanduku kilichotiwa alama. Kikiwa "As Is", wakala hakupi dhamana yake yoyote. Kikiwa cha waranti, soma ni asilimia ngapi ya gharama atalipa na kwa muda gani. Karatasi hiyo ni sehemu ya mkataba, na pale mkataba unapopingana nayo, yenyewe ndiyo inayoshinda. Mauzo yakifanywa kwa Kihispania, lazima itolewe kwa Kihispania. Kiswahili hakimo kwenye kanuni hiyo, kwa hiyo njoo na mtu wa kukusomea. Asiwe mtoto wa darasa la sita. Hayo si mazungumzo ya kumtwika mtoto.

Minnesota inakuongezea kinga ambayo wengi hawaijui. Gari lenye maili chini ya 36,000 lina dhamana ya kisheria ya siku 60 au maili 2,500, chochote kitakachotangulia, kwa sehemu kuu kama injini na giaboksi. Kati ya maili 36,000 na 75,000 ni siku 30 au maili 1,000. Kupita hapo, sheria hiyo haikufikii. Ndiyo maana gari la maili 74,000 na la maili 76,000 yaliyosimama bega kwa bega ni bidhaa mbili tofauti.

Na zile "siku tatu za kurudisha" ambazo kila shemeji anazitaja? Kanuni ya shirikisho ya siku tatu haihusu gari ulilonunua kwenye duka la muuzaji. Usisaini ukiitegemea.

Meza ya mkopo

Faida kubwa ya wakala haiko uwanjani, iko katika ofisi ya mkopo. Huko unaweza kuwekewa karatasi iliyogawanywa vyumba vinne: bei ya gari, thamani ya gari unaloliacha, pesa ya kutanguliza, na malipo ya mwezi. Muuzaji anaandika kwa kalamu nene, anakata, anaandika tena. Wewe umeng'ang'ania chumba cha mwezi, "nisilipe zaidi ya mia tatu na hamsini". Anakushushia hapo, kisha anairudisha pesa yake kwenye vyumba vingine au kwa kuongeza miezi.

Riba nayo ina mlango wa nyuma. Benki humpa wakala riba yake, tuseme asilimia 7. Wakala anaweza kukuandikia 9, na tofauti, au sehemu yake kubwa, ikamrudia. Ni halali. Kwa mkopo wa dola 18,000 wa miezi 60, malipo yanatoka kama dola 356 hadi kama 374 kwa mwezi. Dola 18 hakuna anayezipigia kelele, lakini mwisho wa mkopo umelipa zaidi ya dola 1,000 za ziada.

Nyongeza hizi hazimwangukii kila mtu sawa. Mwaka 2013 Ally, mkopeshaji mkubwa wa magari, ilikubali kulipa dola milioni 98 kwa madai kwamba wakopaji Weusi, Walatino na wenye asili ya Asia waliongezewa riba zaidi. Aprili 2022 mtandao wa mawakala wa Napleton ulikubali kulipa dola milioni 10, ukidaiwa kuwatoza wateja Weusi zaidi na kuingiza kwenye mikataba vitu ambavyo wateja hawakuviomba. Oktoba mwaka huo huo Passport, wakala rasmi wa eneo la Washington, D.C., alikubali kulipa dola milioni 3.3, miongoni mwa madai ni ada za ukaguzi na uthibitisho zilizorundikwa juu ya bei iliyotangazwa. FTC ilitunga kanuni ya kuzuia hila hizo Desemba 2023, na mahakama ya rufaa ikaifuta Januari 2025 kabla haijaanza kutumika.

Basi nenda na mkopo uliokwisha kubaliwa na chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS ya hapa. Wakala akiweza kuushinda, vizuri. Zungumza bei kamili ya kutoka nayo mlangoni, pamoja na kodi na ada zote, iandikwe, kabla hujasema utalipaje. Nyumbani tumezoea kwamba pesa taslimu hushusha bei. Hapa ukitangaza taslimu mapema unaweza kuipandisha, maana umemnyima faida ya mkopo.

Usiondoke na gari kabla mkopo haujathibitishwa kwa maandishi. Wapo wanaopigiwa simu wiki mbili baadaye, "benki imekataa, njoo usaini upya", na riba imepanda. Angalia pia kifungu kinachokunyima kwenda mahakamani na kukupeleka kwa msuluhishi wa kibinafsi. Mawakala wa magari wenyewe waliliomba Bunge liwakinge na kifungu kama hicho katika mikataba yao na viwanda, wakapata sheria yao mwaka 2002. Kwa mteja wanakiweka.

Malalamiko hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na kwa FTC, yakiambatana na nakala ya mkataba, karatasi ya dirishani na tangazo ulilolipiga picha. Walionunua hivi karibuni na wana mikataba yao hapa, waje nayo meza ya nyuma baada ya chai. Tutaanza na ukurasa wa riba.