Nani Amtafute Mgonjwa?

Ukiwa kwenye daladala ukacheka, kisha kijana wa kiti cha pembeni akakukodolea mdomo badala ya kukutazama usoni, usimwone hana adabu. Huenda ni mwanafunzi wa udaktari wa meno, mwaka wa nne au wa tano, na hapo alipo anahesabu mapengo yako. Akikuta mzee asiye na jino hata moja, juu wala chini, moyo unamdunda. Atamwamkia shikamoo, atamuuliza habari za nyumbani, na kabla konda hajaita kituo kinachofuata atakuwa ameshaomba namba ya simu.

Mimi nacheka, lakini kijana hatanii. Bila mzee wa namna ile hamalizi chuo.

Nianze na masomo yenyewe, maana mtaani bado wapo wanaodhani meno ni kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kusomea udaktari. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979. Nairobi walitangulia, mwaka 1974. Pale Muhimbili kozi ni ya miaka mitano, halafu unafuata mwaka mmoja wa utarajali. Mwanzoni wanasoma yale yale wanayosoma wenzao wa udaktari: anatomia, fiziolojia, baiokemia. Kisha mikono nayo inaanza kufundishwa. Wanachonga meno kwa nta, wanatoboa meno ya plastiki kwenye kichwa bandia, wanazunguka kliniki na makopo wakiomba meno yaliyong'olewa ili wayafanyie mazoezi. Hatimaye wanakabidhiwa mtu mzima mwenye ganzi mdomoni. Hapo ndipo njia zinapoachana. Mwanafunzi wa udaktari, kwa sehemu kubwa, huandika historia ya mgonjwa, hupima, husimama nyuma ya daktari akatazama. Wa meno hushika mashine mwenyewe, na tundu likishatobolewa kwenye jino halirudi lilivyokuwa.

Kwa hiyo vyuo vikaweka idadi. Ung'oe meno kadhaa, uzibe kadhaa, utibu mizizi kadhaa, utengeneze meno bandia kadhaa. Hesabu hutofautiana chuo na chuo, ila utaratibu wenyewe utaukuta karibu kila mahali meno yanapofundishwa. Kila kazi inaandikwa kwenye logibuku, na kila mstari unasubiri saini ya msimamizi. Sina ugomvi na idadi. Ndani ya taya la chini, karibu kabisa na mizizi ya magego, unapita mshipa wa fahamu unaokupa hisia za mdomo wa chini na kidevu; gego langu la mwisho sitaki ling'olewe na mtu ambaye hajawahi kushika koleo. Ugomvi wangu ni kwamba chuo kimeweka hesabu, halafu kimemwachia mwanafunzi kazi ya kutafuta vya kuhesabiwa.

Chukua meno bandia ya mdomo mzima. Kwa utaratibu wa kufundishia, mgonjwa anatakiwa kuja si chini ya mara tano. Mara ya kwanza anajazwa kinywani uji mzito unaoganda, ili lipatikane umbo la fizi. Mara ya pili umbo lile linachukuliwa upya kwa trei iliyotengenezwa kwa ajili ya kinywa chake peke yake. Mara ya tatu anang'ata nta, ipimwe jinsi taya la juu na la chini yanavyokutana. Ukikosea hapo mzee atatafuna hewa. Mara ya nne anajaribishwa meno yakiwa bado kwenye nta. Ya tano ndiyo anakabidhiwa, na hata hapo ataitwa tena yakimchubua. Kati ya siku hizo mwanafunzi yuko maabara hadi usiku na jasi mikononi, akipanga meno moja moja.

Sasa mzee anatoka Kisarawe. Siku ya kwanza alikuja kwa nauli yake, kwa shauku ya kula nyama tena. Ya pili nauli alitumiwa kwa simu na mwanafunzi. Ya tatu mvua ilinyesha, akaomba wiki ijayo. Ya nne simu haipatikani. Kwenye logibuku, meno ambayo hayajakabidhiwa yanahesabiwa sifuri, na kijana anaanza upya na mzee mwingine.

Nauli ile inatoka wapi? Kwenye bumu. Fedha ya Bodi ya Mikopo, ambayo serikali iliitoa ili kijana ale na alale, inakwenda kwenye nauli ya mgonjwa, mara nyingine hata malipo ya faili lake, na soda ya kumshukuru. Wenyewe wameshazoea. Wana kundi lao la WhatsApp la kubadilishana watu: mimi nina wa mzizi, nani ana mtoto wa kuziba?

Mtu asidhani haya ni ya kwetu tu kwa sababu ya umaskini. Marekani, kwenye mitihani ya kupata leseni, mtahiniwa alitakiwa kwa miaka mingi kuja na mgonjwa wake. Walikuwepo waliomlipia mgonjwa usafiri na hoteli ili asiwakimbie, na mgonjwa asipotokea siku ile, mtihani umekwenda na maji. Wanafunzi walipiga kelele, chama cha madaktari wa meno kikakubaliana nao, na bado mambo yalikwenda pole pole. Mwaka 2020 korona ilipofunga kliniki, majimbo mengi yakakubali mtihani ufanywe kwenye jino la kutengenezwa lenye uozo wa kutengenezwa. Miaka yote ile walisema haiwezekani.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko nauli. Kwetu mtu hufika kliniki ya meno akiwa ameshakesha siku kadhaa, na anachoomba ni kung'olewa. Kwa hiyo idadi ya kung'oa hujaa mapema. Matibabu ya mizizi ndiyo yanayowatoa jasho, kwa kuwa yana gharama na yanataka mgonjwa arudi. Fikiria mwezi wa mwisho wa masomo. Mgonjwa ameleta gego lililooza hadi usawa wa fizi. Shauri la kweli ni kwamba hilo ling'olewe, litamsumbua bure. Anayetakiwa kulitoa shauri hilo ni kijana aliyebakiza mzizi mmoja ahitimu. Simtuhumu kwamba atadanganya. Wengi wao ni watoto waaminifu sana. Nasema tumemkalisha mahali ambapo kumshauri mgonjwa vizuri kunaweza kumgharimu muhula mzima. Hata daktari mzoefu tusingemkalisha hapo.

Halafu kuna ofisi.

Kiti cha meno hakifanyi kazi kwa umeme peke yake. Kifaa cha kutobolea huzungushwa na hewa, na mara nyingi hewa hiyo hutoka kwenye kompresa moja inayolisha safu nzima ya viti. Ikifa, kliniki nzima imelala. Fundi anaitwa, kipuri kinaagizwa, barua ya manunuzi inazunguka. Tarehe ya mwisho ya kukabidhi logibuku haisogei hata siku moja. Ratiba inabandikwa jioni kwa kazi ya kesho asubuhi, wakati wagonjwa wameshapangwa kwa siku nyingine. Ukiuliza, unaambiwa udaktari ni uvumilivu.

Binti mmoja ninayemfahamu, chuo chake nisikitaje, alibakiza mzizi mmoja. Niseme vizuri: mzizi aliumaliza, kilichobaki ni saini. Msimamizi alikagua hatua za mwanzo akasaini. Siku ya picha ya mwisho ya eksirei akawa safarini. Mgonjwa maumivu yamekwisha, kaenda zake Songea kulima. Msimamizi mwingine akakataa kusaini kazi ambayo hakuiona ikifanyika, na hapo namuunga mkono. Binti akapanda kwa afisa mitihani, akaambiwa hilo ni suala la idara. Idara ikamwambia aandike barua kwa mkuu wa skuli kuu. Barua ikalala. Alipoifuatilia aliulizwa kwa nini hakuileta mapema, na mhuri wa kupokelewa uko pale pale juu ya karatasi, una wiki tatu. Matokeo yalipotoka, mbele ya jina lake paliandikwa hajakamilisha. Wenzake wakaenda utarajali. Yeye akaambiwa atafute mgonjwa mwingine aanze upya, na bumu lilishakatika.

Ukimuuliza kila mmoja katika mlolongo ule, alifuata utaratibu. Walimu nao ni wachache. Anayesimamia kliniki ndiye huyo huyo anayepokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoani, anafundisha darasani na anasimamia tafiti. Silitaki kundi hilo lizidishiwe mzigo. Ila yapo mambo ambayo hayahitaji hata mwalimu mmoja wa ziada. Kila hatua isainiwe siku ile ile, na awepo mtu aliyekaimishwa msimamizi akisafiri. Kazi ya meno bandia ihesabiwe kwa hatua, ili mzee akipotea mara ya nne zile tatu zisipotee naye. Siku ambazo kompresa imekufa ziandikwe, na muda wa mwanafunzi usogezwe kwa siku hizo hizo. Chuo kinachojua kuhesabu mizizi hakiwezi kushindwa kuhesabu siku.

Na mgonjwa atafutwe na chuo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa, na walio wengi wanaishi katika nchi zenye kipato cha kati. Meno mabovu, basi, hatujapungukiwa. Kila asubuhi kwenye mapokezi ya kliniki yuko mama anayeambiwa wagonjwa wa leo wameshatosha, arudi Jumatatu. Ghorofani mwanafunzi anakaa kando ya kiti kitupu akipiga namba isiyopatikana. Kati yao anahitajika karani mmoja mwenye orodha: jina, simu, jino lipi, anamfaa mwanafunzi wa mwaka gani, lini anarudi. Karani huyo alipwe mshahara, na nauli ya mzee wa Kisarawe iingie kwenye bajeti ya mafunzo, kama inavyoingia bei ya glavu na ganzi.

Wakuu wa skuli za meno mnaonisikiliza, mwaka wa fedha unaanza Julai. Kifungu hicho si kikubwa. Mkikiandika sasa, mwanafunzi wa mwaka wa nne atakikuta.