Majina Yasomwe



Leo nina neno juu ya sanamu, na juu ya mchango unaoisimamisha au kuitengeneza inapochakaa. Lakini kwanza niwaulize: matangazo ya vifo yakianza kusomwa redioni, nani kwenu huzima? Hata asiyemjua marehemu hutega sikio mpaka jina la mwisho. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwezi wa Juni 1885 meli ilifika New York na sanamu ya shaba ya mwanamke mwenye mwenge, zawadi ya Wafaransa, imefunguliwa vipande vipande ndani ya masanduku zaidi ya 200. Sanamu ipo, pa kuisimamisha hapapo. Msingi ulikuwa juu ya Wamarekani wenyewe, na fedha zilikuwa zimewaishia. Tayari tangu Machi mwenye gazeti mmoja, Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungaria, alikuwa ametangaza kwamba kila atakayetoa chochote, hata senti moja, jina lake litachapwa gazetini. Kufika Agosti dola zaidi ya 100,000 zilikuwa zimepatikana, kutoka kwa watu zaidi ya 120,000. Wengi wao hawakufikisha dola moja. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba, sanamu ikazinduliwa.

Niruhusuni nichepuke kidogo. Machi ya 1885! Siku chache tu kabla yake, mwishoni mwa Februari, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamefunga mkutano wao wa Berlin, na nchi hii yetu ya Kongo ikabaki mkononi mwa mtu mmoja, Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Na nchi iliyotangulia wote kuitambua bendera ya shirika lake ni Marekani, Aprili 1884. Watoto wa New York walikuwa wakitoa senti zao kwa ajili ya sanamu ya uhuru wakati sisi tunaandikiwa bwana. Hilo si kosa la watoto. Lakini mimi kila nikiiona picha ya mwanamke yule, tarehe hiyo hunijia.

Turudi. Karibu miaka mia baadaye, mwanamke yule alikuwa mgonjwa ndani ya ngozi yake. Shaba na chuma zikigusana penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Vyuma vya ndani zaidi ya 1,800 vikang'olewa na kuwekwa vingine, na mwenge uliokuwa ukivuja ukafanywa upya, yote kwa ajili ya sherehe ya 1986. Fedha zilitoka wapi? Raia walichanga tena, wanafunzi nao wakiwemo. Kitu ambacho bibi yako alikitolea senti, hungojei waziri akukumbushe kwamba kinaoza.

Sasa tujiangalie. Stanley, msafiri aliyeupita msitu wetu wa Ituri mwaka 1887 akielekea Ziwa Albert, alikuwa na sanamu Kinshasa. Enzi za Mobutu ikashushwa, na miguu yake ikakatika vifundoni. Leopold naye, Februari 2005, waziri alimrudisha katikati ya jiji hilo, na saa chache tu zikatosha kumng'oa tena. Hakuna mama wa soko aliyetoa hata franka moja kwa hao wawili, basi nani angewalilia? Hilo linaeleweka. Kinachoniuma ni Lumumba, mtu wetu, waziri mkuu wetu wa kwanza. Kaburi lake la heshima kule Limete, Kinshasa, jino lake, mabaki yake pekee, lilipowekwa Juni 2022, lilivunjwa vioo Novemba 2024 na jeneza likaharibiwa. Leta, yaani serikali, ilijenga, Leta ikafungua, Leta ikabaki peke yake na ufunguo.

Hapa Ituri nako, mahakama ya The Hague iliyomtia hatiani Lubanga, mkuu wa wapiganaji, mwaka 2012 kwa ajili ya makadogo, watoto waliofanywa askari, iliidhinisha Oktoba 2016 mpango wa fidia ya pamoja, ya kumbukumbu. Siupingi hata kidogo. Nasema tu kwamba yule aliyefiwa Djugu hakuombwa atoe kitu, hata franka 200, ili aweze kusema: hapa pana jiwe langu.

Najua mtakavyonijibu. Shule inataka, kanisa linataka, matanga yanataka, na kule kwenye kambi za waliokimbia vita watu wanatafuta unga. Halafu, zikipatikana, nani atazishika? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Wamama wa likelemba, wanaochangiana fedha kwa zamu, wanalijua jibu lake: hesabu hufanywa katikati ya duara, kila jicho likiona. Gazeti la Pulitzer lilikuwa duara hilo. Aliyetoa senti tano alifungua ukurasa, akaikuta senti tano yake. Isingekuwapo, angepiga kelele.

Basi, siku Bunia itakapotaka jiwe la kuwakumbuka watu wetu, wa pande zote, daftari liletwe hapa studio. Franka 500 ya kijana wa motari isomwe pamoja na jina lake, na ya jirani yake anayesema lugha nyingine isomwe mara tu baada yake. Tutahitaji jioni nyingi.

Muda wangu umekwisha. Msizime, matangazo ya vifo yanafuata.